Vitabu Vitatu vya Mboga na Mume Mmoja

Jumanne, 3 Juni 2025

Ukungu mpaka saa nne asubuhi. Msitu wa Magamba hauonekani hata ncha. Nimevaa masweta mawili na vidole bado vinauma.

Rubeni ameniletea kitabu. Kitabu! Miaka thelathini na moja ya ndoa ameniletea kanga, ameniletea jembe, na mwaka ule karoti zilipotukubali akaniletea redio. Kitabu hajawahi. Tena cha mapishi. Tena cha mapishi yasiyo na nyama!

Ati kwa ajili ya tumbo langu. Jana amerudi kutoka Moshi, alikwenda kuchukua majibu ya kile kipimo cha mpira wenye kamera. Kipimo tulikwenda wote. Majibu akaenda peke yake — baridi kali, mama, na basi kutoka Mombo litakuchosha, wewe kaa. Nikakaa. Majibu yenyewe: vidonda vya tumbo, basi. Vidonge, chakula laini, nyama niache. Nimeuliza karatasi iko wapi. Wamebaki nayo hospitali, kasema.

Hayo nimeyapokea. Lakini akaongeza kwamba na yeye ameacha nyama. Rubeni! Mtu anayejua kila bucha kutoka hapa mpaka Soni! Nikamtazama usoni, yeye akatazama dirishani. Namjua. Rubeni akidanganya hutafuta dirisha.

Kitabu ni cha Dorkasi, jirani yetu Msabato, ambaye nyumbani kwake nyama haijaingia tangu abatizwe. Kwenye jalada kuna familia inacheka mbele ya sahani ya majani. Nani anacheka vile mbele ya majani?

Kuna jambo.

Alhamisi, 5 Juni

Nimejaribu nyama ya soya, ukurasa wa kumi na nne. Loweka, menya, saga, kanda, chemsha, kausha, kaanga "mpaka iwe kama nyama." Nimefanya yote. Imekuwa kama sponji ya kuogea. Tena wanasema kikombe kimoja — kikombe kipi? Cha chai? Cha kahawa? Cha bati kile cha marehemu baba mkwe kinachojaa nusu lita?

Rubeni amekula sahani mbili. Tamu sana, mama. Macho dirishani.

Mimi nilikula vijiko vitatu nikashiba. Siku hizi nashiba upesi. Hizo ndizo faida za soya.

Kitabu cha mapishi cha maana katika nyumba hii ni kimoja tu, nacho ni daftari langu la bluu. Lina ukurasa mmoja wenye maana: makande ya mama. Niliyaandika mwaka 2009, yeye kitandani kwake kule Vuga, mimi nimekaa kwenye kigoda na kalamu. Akaniuliza, mbona unaandika, makande umeyala tangu huna meno? Nikamwambia nasahau tu. Akacheka mpaka akakohoa.

Jioni Rubeni amerudi na kitabu cha pili! Hiki kinatoka kwa Klara, mpishi wa ile nyumba ya wageni ambako Rubeni hupeleka karoti na letasi zetu tangu alipostaafu ubwana shamba. Ati mgeni alikiacha. Ati wageni wa Klara siku hizi hawali nyama, na wengine hata yai, hata maziwa, hata asali hawagusi. Nyuki amewakosea nini?

Kimeandikwa Kijerumani chote. Mimi Kijerumani najua mistari miwili ya wimbo wa Krismasi aliotufundisha babu. Lakini picha! Boga limepasuliwa katikati, ndani limejazwa vitu vinang'aa. Nimelitazama muda mrefu. Kisha nikajiuliza: Klara anampa mume wangu vitabu tangu lini?

Jumamosi, 7 Juni

Idi Kubwa. Rehema, mke wa jirani yetu Hafidhi, amekuja mwenyewe na bakuli la nyama limefunikwa kitambaa, kama kila mwaka. Rubeni kalipokea kwa mikono miwili, kashukuru kwa maneno mengi, na Rehema alipopita tu kona akalibeba bakuli lile lile kwenda kwa majirani wa juu. Hakuonja! Hata kulamba kidole!

Kisha akatoka. Anapeleka letasi. Leo sikukuu, nani anasubiri letasi?

Karudi saa kumi na moja. Hana njaa. Sweta lake linanuka binzari na kitunguu cha kukaanga. Mimi binzari sijaigusa wiki nzima.

Mtu harudi nyumbani ameshiba isipokuwa kuna aliyempikia.

Jumapili, 8 Juni

Pentekoste. Kanisa limejaa mpaka nje. Rubeni kakaa mbele na wazee wenzake wa usharika, uso wa upole kama hajawahi kuua hata nzi.

Baada ya ibada nimemvizia Klara mlangoni. Shikamoo mama, akasema, na macho yakakimbilia chini. Marahaba. Nikamuuliza wageni hawajambo? Hawajambo. Akanishika mkono. Akaushika, akaushika, haachii! Akasema, "Mama Happy, ukihitaji chochote, hata kufuliwa tu, uniambie." Kufuliwa! Kwani mimi sina mikono? Kwanza mume, sasa na nguo zangu?

Macho yake yalikuwa na machozi. Dhamiri inamsuta. Vizuri imsute.

Ana miaka arobaini. Mjane. Ngozi bado nzuri.

Jumatano, 11 Juni

Nimepata ushahidi.

Nilikuwa natafuta kiberiti kwenye koti la Rubeni. (Sikuwa natafuta kiberiti.) Mfuko wa ndani: kitabu cha tatu. Si cha dukani, ni karatasi zilizochapwa na kubanwa kwa waya, zina madoa ya mafuta. Mapishi ya Klara mwenyewe, anayowapikia wageni wake. Na pembeni kuna maneno ya penseli, mwandiko wa kike:

"R. — moto mdogo. Usiwe na haraka."

Nikakaa kitandani. Ukurasa mwingine: "R., leo umefanya vizuri sana!" Mwingine: "Hii ataipenda. Usimwambie bado."

Usimwambie bado! Huyo asiyeambiwa ni nani kama si mimi? Nimelia. Naandika bila aibu, nimelia kama mtoto, nimeshika waya wa kile kitabu mpaka umeniacha alama kiganjani. Miaka thelathini na moja. Nimemzalia, nimelima naye, nimemfulia kaptula za ubwana shamba zenye matope ya wilaya nzima.

Halafu nikakisoma chote. Niseme kweli, maana hapa nasema na nafsi yangu tu: ni kizuri. Kuliko cha Dorkasi, kuliko cha Kijerumani. Huyu mwanamke hakuambii kikombe, anakuambia "kiganja chako." Hatafuti vitu vya kuletwa na ndege. Mnavu na karanga. Mchunga uliochemshwa mara mbili kutoa uchungu. Viazi na njegere. Achari ya plamu zetu hizi hizi zinazooza chini ya miti kila Januari. Nimepika mnavu wake mchana, kwa hasira, nione kasoro. Sikuiona. Nilikula sahani nzima, mara ya kwanza mwezi huu.

Kisha nikatapika. Hasira na mboga havikai tumbo moja.

Adui anajua kupika. Hilo linauma peke yake.

Kitabu nimekirudisha mfukoni kama kilivyokuwa.

Ijumaa, 13 Juni

Happiness amepiga simu kutoka Moshi, hakunipigia mimi. Kampigia baba yake. Rubeni kachukua simu, kaenda nayo mpaka kwenye miti ya plamu, kanipa mgongo. Nimehesabu: dakika ishirini na mbili. Nilisikia "bado" na "sijui nitamwanzaje."

Kumbe na binti yangu anajua! Anamsaidia baba yake kutafuta maneno ya kunitelekezea.

Sketi ya bluu imenivuka kiunoni nikiwa naanika nguo. Nimeibana kwa pini. Ni sketi ya pili mwezi huu. Wanawake wenzangu wanalipia kupungua, mimi napungua bure kwa wivu.

Jumanne, 17 Juni

Lazima niandike sawasawa.

Rubeni kaondoka saa nane na kikapu cha brokoli. Nikampa muda wa kufika kwenye daraja, nikajifunga kanga kichwani, nikamfuata. Njia ile zamani nilikuwa naipanda bila kusimama. Leo nimesimama mara tano. Mara ya tano nilikaa kwenye jiwe, nikajiambia, Tabitha, una miaka hamsini na saba, unamvizia mtu wa miaka sitini na tatu. Rudi nyumbani. Sikurudi.

Jiko la nyumba ya wageni lina dirisha la nyuma, linatazama bustani ya mboga. Nikapita kwenye kabichi. Nikasimama. Nikasikia sauti ya Klara inafoka — si ya mapenzi, inafoka! "Baba Happy, nimekuambia kitunguu kwanza! Nyanya utaitia wapi na kitunguu bado kibichi?"

Nikachungulia.

Rubeni wangu. Mzee wa usharika. Amefungwa aproni yenye maua, ameshika mwiko kama anashika nyoka, machozi ya kitunguu yanamtiririka. Klara amesimama mbali kabisa, mikono kiunoni, kama mwalimu wa zamu. Na mgosi, mume wangu mimi, anaitikia: "Sawa, sawa mama, naanza upya."

Mwanaume huyu hajawahi kuvuka kizingiti cha jiko langu! Baba yake alimfundisha kwamba mwanaume akikaa kwenye mafiga ndevu hazioti. Nilipojifungua Happiness walikuja dada zake watatu kupika, yeye akakaa nje anangoja sahani.

Nilikaa chini katikati ya kabichi za watu nikacheka. Nimeziba mdomo kwa kanga. Nimecheka mpaka tumbo likanikata na nikalazimika kulala ubavu pale pale kwenye matope mpaka likaacha. Hakuna aliyeniona. R. ni mwanafunzi! "Moto mdogo, usiwe na haraka" ni maharage!

Njiani kurudi niliomba toba kwa Klara, moja moja, kwa kila nilichomwita moyoni. Ni vingi, vimenifikisha mpaka nyumbani.

Jumatano, 18 Juni

Nimelala vizuri. Nimemtengenezea Rubeni chai ya tangawizi bila kuombwa. Kashtuka. Sasa yeye ndiye ananishuku mimi!

Nimemchokoza. Nikamwuliza: Baba Happy, hivi katika mchuzi kinaanza kitunguu au nyanya? Kikombe kikasimama hewani. Kitunguu, akasema, kwa nini? Nikamwambia basi tu, na wewe mwenzetu umejuaje? Nimesikia watu wakisema. Dirishani moja kwa moja!

Nimecheka peke yangu siku nzima.

Jioni kicheko kikaisha. Maana swali liko palepale, limevua tu kanga ya Klara. Kwa nini? Mtu wa miaka sitini na tatu anajifunza kupika kwa nini? Nimepiga mahesabu. Sikukuu ya ndoa yetu ni Desemba. Mgahawa? Hana mtaji wala hana uso wa biashara. Anataka kunifurahisha? Angenunua kanga.

Na kwa nini Klara alilia?

Sitaki kuwaza zaidi. Kesho nachambua maharage.

Jumamosi, 21 Juni

Happiness amekuja. Bila taarifa! Likizo ya dharura, kasema, wamenipa siku tano. Dharura gani? Nimekukumbuka tu, mama. Amenikumbatia, mikono yake ikanipapasa mgongoni juu chini, kama mtu anayepima mbuzi mnadani. Akaenda kunawa uso. Alikaa huko kitambo.

Dorkasi naye amepita na maziwa ya soya, na mara hii hakuhubiri. Dorkasi! Hakusema hata neno moja kuhusu Sabato!

Saa tisa Rubeni akasimama katikati ya sebule, akakohoa kama anataka kusoma matangazo ya kanisani. "Leo napika mimi." Mimi na Happiness tukatazamana. Nilijifanya nimeshangaa, nikafanya vizuri tu. Akavuka kizingiti cha jiko langu. Mungu wangu, akavuka, kichwa kimegonga mlango, maana hajui kwamba pale huinamwa.

Kapika viazi na njegere, nimepewa kigoda nitazame. Mwiko anaushika vizuri sasa. Kitunguu kwanza. Chumvi kiganja chake. Vilikuwa vitamu! Nimekula nusu sahani na nimemsifu kwa moyo wote, na nikamwambia kwamba najua, kwamba nilimwona kupitia dirisha la Klara. Alicheka. Happiness alicheka. Tulikuwa na furaha, naandika hivyo kwa sababu ilikuwa kweli.

Kisha akafuta mikono, akatoa kwenye mfuko wa shati daftari jipya, dogo, na kalamu. Akakaa chini kwenye sakafu karibu na kigoda changu.

"Haya, Mama Happy. Makande. Unaanza na nini?"

Nikamwambia yapo kwenye daftari la bluu.

"Yale ni ya mama yako. Nataka yako."

Nikamwambia. Mahindi yaliyotwangwa yalale kwenye maji. Maharage mekundu, yasiwe ya mwaka jana. Magadi kidogo. Kitunguu, karoti iliyokunwa, karanga mwisho. Anaandika kila neno, herufi kubwa kubwa za ripoti za bwana shamba. "Na mchunga? Na yale maboga ya Krismasi? Na uji wako ule wa ndizi?" Ukurasa baada ya ukurasa. Happiness akatoka nje.

Nikamuuliza. Nilikuwa bado natabasamu. "Baba Happy, mbona unaandika?"

Jikoni kwangu hakuna dirisha. Akatazama moto.

"Nasahau tu," akasema.

Jumapili, 22 Juni

Sikwenda kanisani. Nimewaambia wanitangulie, tumbo. Happiness amekwenda. Rubeni kabaki, yuko jikoni, anajaribu makande kwa daftari lake.

Mwaka 2009 daktari alituita mimi na Rubeni kwenye chumba kidogo, mama akabaki kwenye benchi nje ameshika kikapu chake. Tulipotoka tukamwambia ni vidonda vya tumbo. Ndivyo inavyofanyika. Mgonjwa haambiwi, ataanguka moyo. Ndugu ndio wanaoambiwa, ndugu ndio wanaobeba. Nilijiona nimempenda sana kwa kumficha. Nilimpikia laini. Nilimbana sketi kwa pini. Nikaja na daftari la bluu, akaniuliza, nikamjibu.

Aliishi miezi mitano. Miaka yote hii sijawahi kujiuliza kama alijua. Leo nakumbuka alivyocheka, na nakumbuka kwamba baada ya kucheka alinielekeza polepole sana, akarudia mara mbili mbili, akangoja nimalize kila mstari.

Alijua. Mama alijua.

Nimekwenda kabatini kutafuta ile karatasi ya hospitali ndani ya vitabu. Cha Dorkasi, hakuna kitu. Cha Klara, ambacho sasa kimetoka mfukoni, hakuna kitu ila penseli yake: hii ataipenda, usimwambie bado. Cha Kijerumani — kile nisichoweza kukisoma, kile ambacho mtu angejua sitakifungua ila kwa ajili ya picha. Bahasha imo kwenye ukurasa wa boga. Ya kaki. Muhuri wa hospitali, jina langu kamili, na imeshafunguliwa kwa kisu, vizuri, kama anavyofungua Rubeni barua zote.

Iko mapajani kwangu sasa. Sijaitoa karatasi.

Wiki tatu nimemwinda mwanamke ndani ya nyumba hii. Nimenusa sweta, nimepekua mifuko, nimelala kwenye kabichi. Mungu anisamehe ninachoandika, Klara naye anisamehe. Bora angekuwa mwanamke. Mwanamke ningepigana naye.

Namkasirikia Rubeni. Nampenda. Nataka kumtupia bakuli. Harufu inayokuja si mbaya, karanga katia mapema.

"Mama Happy!" Ananiita. Anataka kujua magadi kiasi gani, hakuandika kiasi.

Yakizidi, makande yote yanakuwa sabuni. Anaita tena. Sauti ina wasiwasi, sufuria inachemka, na nyumba nzima hakuna mwingine anayejua.

Naenda, na bahasha mkononi. Nitamwambia kwanza habari ya magadi.